Balbu Moja, Giza la Wote: Taa za Mapambo za Mfululizo na Lugha ya Kuzifafanulia

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kufafanua jinsi taa za mapambo zilizounganishwa kwa mfululizo zinavyofanya kazi, kwa nini zote huzimika balbu moja inapoungua, na namna ya kuurejesha mwanga bila kuhatarisha maisha ya mtu. Mazingira yanayorejelewa ni ya Karungu, katika ufuo wa Ziwa Viktoria upande wa Migori na Homa Bay nchini Kenya. Huko, kama ilivyo katika miji mingi midogo ya Afrika Mashariki, taa hizi huonekana kwenye vibanda na mikahawa, harusini, na zaidi ya yote wakati wa Krismasi.

Huenda msomaji wa jarida la Kiswahili akajiuliza balbu zinahusianaje na taaluma yake. Ufundi hufanywa kwa mikono, lakini huelekezwa kwa maneno. Fundi na mteja wa Sori, mji wa Karungu ulio ukingoni mwa ziwa, huweza kuzungumza Kidholuo, wakaingiza Kiswahili panapohitajika, na kuokota neno moja moja la Kiingereza lililoandikwa kwenye boksi. Katika mazungumzo ya aina hiyo mna maneno matatu ya Kiswahili ambayo, yasipotazamwa vyema, humpeleka fundi pasipofaa: kula, mfululizo na kufa. Mawili ya kwanza humpotezea muda. La tatu laweza kumwua.

Njia moja, si foleni

Nchini Kenya umeme wa nyumbani una nguvu ya volti 240. Balbu ndogo ya mapambo haiwezi kuistahimili nguvu hiyo. Ikiunganishwa nayo peke yake itaungua papo hapo. Ili kulikwepa tatizo hilo bila kutumia kifaa ghali cha kupunguza umeme, watengenezaji huziunganisha balbu nyingi katika njia moja, kila moja ikipokezana na jirani yake, kama shanga katika uzi. Volti 240 hugawanywa kati ya balbu zote. Mlolongo wa balbu 40 huhitaji balbu za volti 6. Wa balbu 20 huhitaji balbu za volti 12. Waya unaotoka kwenye plagi hupita ndani ya kila balbu, kisha hurudi kwenye plagi. Hakuna njia ya pili.

Muundo huu hutofautiana na wa sambamba, unaotumika katika taa za vyumbani. Katika muundo sambamba kila taa ina njia yake ya kwenda na kurudi. Taa ya jikoni ikiungua, ya sebuleni huendelea kuwaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Katika mfululizo, uzi mwembamba ulio ndani ya balbu yoyote ukikatika, njia yenyewe imekatika, na mkondo wa umeme husimama kila mahali kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo neno kula linapoleta utata. Wakenya husema kwamba pasi inakula stima, jokofu linakula stima, na kwamba tokeni zimeliwa zote. (Stima yenyewe ni neno lenye safari ndefu: lilitaja meli za mvuke, zikiwemo zile zilizovuka Ziwa Viktoria, kabla ya kuwa jina la umeme nchini Kenya.) Kama msemo wa gharama, kula hakuna ubaya wowote. Ila msemo huo ukihamishiwa kwenye mlolongo wa taa, humfanya mtu afikiri kwamba balbu ya kwanza hula sehemu yake ya mkondo, ikaiachia ya pili makombo, hadi ya mwisho ipate mabaki. Kwa fikra hiyo, balbu ya kumi ikiharibika, tisa za mwanzo zingepaswa kuendelea kuwaka, na giza lianzie kwenye ile ya kumi. Anayeamini hivyo hukagua balbu za mwanzo tu, akazibadilisha mbili tatu, kisha akauhukumu mlolongo mzima kuwa takataka.

Ukweli ni kwamba mkondo hauliwi. Kiasi kile kile kinachoingia balbu ya kwanza ndicho kinachotoka ya mwisho. Kinachogawanywa ni volti, yaani ule msukumo, na kinachotumika ni nishati, inayogeuka kuwa mwanga na joto katika kila balbu. Mfano wa mfereji wenye magurudumu kadhaa ya kusagia waweza kusaidia. Maji yale yale huyazungusha magurudumu yote. Kinachopungua toka gurudumu hadi gurudumu ni kimo cha maji, wala si wingi wake. Mfereji ukizibwa popote, magurudumu yote husimama, yakiwemo yaliyo juu ya kizuizi.

Neno mfululizo nalo lina udhaifu wake. Katika fasihi, mfululizo wa matukio ni matukio yanayofuatana katika wakati: hili, halafu lile. Wengine hupendelea mfuatano, ambalo halisaidii zaidi kwa sababu nalo huashiria foleni. Vitabu vya sayansi vya Kiswahili vimezoea maneno haya, na TUKI, iliyochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mnamo 1990, ilifanya kazi kubwa ya kuipa taaluma hii istilahi. Si lazima neno libadilishwe. Linalohitajika ni mwalimu au fundi kuongeza maneno mawili tu baada yake: mfululizo, njia moja. Mwanafunzi akishaishika hiyo njia moja, hatashangaa tena kwamba balbu ya mwisho huweza kuizima ya kwanza.

Waya wa mchepuko

Msomaji makini atapinga hapa kwamba amewahi kuona mlolongo unaowaka ilhali balbu moja au mbili zimezimika. Pingamizi hilo ni sahihi, na maelezo yake ni sehemu ya kuvutia zaidi katika somo hili.

Katika balbu nyingi za mapambo, chini ya ule uzi unaong'aa, pana waya mwembamba uliozungushwa kwenye nguzo mbili zinazoushikilia uzi. Kiingereza kina jina lake. Kiswahili chaweza kuuita waya wa mchepuko, kwa mfano wa barabara ya mchepuko inayowapitisha wasafiri kando ya mji. (Vijana wa mitaani, hasa nchini Tanzania, wamelipa neno mchepuko maana nyingine ya mapenzi ya pembeni. Maana hiyo haidhuru. Pengine itasaidia kumbukumbu.) Waya huo umepakwa utando mwembamba sana usiopitisha umeme. Balbu inapowaka kawaida, volti 6 haziwezi kuupenya utando, hivyo mkondo hupita kwenye uzi. Uzi unapokatika, mkondo husimama, na kwa kuwa balbu nyingine hazitumii volti yoyote wakati huo, volti zote 240 hujikusanya kwenye lile pengo moja. Nguvu hiyo huuvunja utando, waya wa mchepuko hushikana na nguzo, na njia hufunguka upya. Balbu imeungua, lakini wenzake wanawaka.

Suluhisho hili lina deni lake. Balbu moja ikishachepukwa, volti 240 hugawanywa kwa balbu 39 badala ya 40. Kila moja hupata takriban volti 6.15. Zikibaki 36, kila moja hupata volti 6.67, yaani nyongeza ya asilimia 11. Mwanga huongezeka, na mwenye duka huenda akafurahi kwamba taa zake zimeng'aa kuliko zilipokuwa mpya. Mng'ao huo ni dalili ya ugonjwa. Kanuni ya mafundi wa taa ni kwamba nyongeza ya asilimia 5 tu ya volti hupunguza umri wa balbu ya uzi kwa karibu nusu. Kwa nyongeza ya asilimia 11, umri huo hushuka hadi theluthi moja au chini ya hapo. Balbu ya tano itakufa mapema kuliko ilivyokufa ya nne, na ya sita mapema zaidi. Ndiyo maana mlolongo uliodumu Krismasi mbili bila tatizo huweza kuteketea wote katika juma moja la tatu.

Yafaa ikumbukwe, kwa hiyo, kwamba balbu iliyozimika katika mlolongo unaowaka haipaswi kupuuzwa. Wengi husubiri hadi giza liwe la wote ndipo waanze kutafuta. Wakati wa kubadilisha balbu ni pale moja inapozimika na nyingine bado zinawaka, kwa sababu mbovu inajionyesha yenyewe na wenzake hawajabebeshwa mzigo kwa muda mrefu.

Waya wa mchepuko pia hukosea. Utando wake ukikataa kuvunjika, mlolongo wote hubaki gizani. Hali kadhalika, mchepuko hauwezi kusaidia balbu iliyolegea au kutoka kabisa kwenye tundu lake, wala waya uliokatwa na panya, wala vishikio vya shaba vilivyoshika kutu. Hili la mwisho lina uzito katika Karungu, ambako unyevu wa ziwa haukosekani, ingawa Lamu na Mombasa, zenye hewa ya chumvi, zina shida kubwa zaidi. Aidha, baadhi ya milolongo huwa na balbu moja ya fyuzi isiyo na mchepuko, ambayo aghalabu huwekewa alama ya rangi nyeupe. Hiyo imeundwa makusudi ikatike mkondo unapozidi. Akibandika balbu ya kawaida mahali pake, fundi atakuwa ameuondoa ulinzi wa mlolongo mzima.

Kuhusu neno "kufa"

Mlolongo unapozimika husemwa kwamba taa zimekufa. Kitu kilichokufa hakina nguvu, hakiumi, hakiogopwi. Simba aliyekufa hupigwa picha. Kwa mantiki ya lugha, basi, mlolongo uliokufa ni salama kuliko unaowaka.

Mambo ni kinyume kabisa. Mlolongo unapowaka, volti zilizo kati ya vishikio viwili vya tundu moja ni 6 tu. Unapozimika kwa sababu ya balbu moja, kama ilivyoelezwa hapo juu, volti zote 240 huhamia kwenye pengo la ile balbu mbovu. Mtu anayeitoa balbu hiyo bila kuchomoa plagi, kisha akaingiza kidole, msumari au bisibisi ndani ya tundu ili kuvinyosha vishikio, anagusa umeme kamili wa nyumba. Tundu hilo lilikuwa na volti 6 jana yake. Leo, kwa kuwa taa zimekufa, lina mara arobaini ya kiasi hicho.

Kenya ilianza mradi wa kufikisha umeme katika nyumba za vijijini, uliojulikana kama Last Mile, mnamo 2015, na nyumba nyingi za mashambani zikapata nyaya ambazo wazee wake hawakuzizoea. Kanuni ya usalama kwa nyumba hizo ni fupi: plagi ichomolewe ukutani kabla ya balbu yoyote kuguswa. Kuzima swichi hakutoshi, kwani haijulikani kama swichi hiyo imekata waya wa moto au waya wa kurudi.

Suala la plagi lenyewe linastahili aya yake. Plagi halali ya Kenya ina miguu mitatu ya umbo la mstatili na fyuzi ndani yake. Taa nyingi za mapambo ziletwazo kutoka ng'ambo huwa na plagi ya miguu miwili isiyo na fyuzi. Ili kuiingiza, watu huchokoa tundu la juu la soketi kwa kijiti au kalamu hadi vifuniko vya ndani vifunguke. Tabia hii imezoeleka kiasi kwamba haionekani tena kuwa kosa. Hata pale ambapo fyuzi ipo, yaani pale mtu anapotumia kifaa cha kubadilishia plagi, fyuzi ya ampia 13 hulinda waya wa ukutani na si moyo wa binadamu. Mkondo ulio chini ya ampia 0.1 ukipita kifuani huweza kumwua mtu, na fyuzi haitakuwa hata imepata joto.

Kuitafuta balbu mbovu

Baada ya plagi kuchomolewa, kazi ya kwanza ni ya macho na vidole. Kila balbu hukandamizwa taratibu kwenye tundu lake, maana kulegea ni chanzo cha kawaida kuliko kuungua. Balbu iliyoungua mara nyingi huwa na weusi ndani ya kioo, au uzi wake huonekana umekatika inapoelekezwa kwenye mwanga wa jua. Waya hufuatwa kwa mkono toka plagi hadi mwisho ili kutambua palipokatwa au kubanwa na msumari. Ikiwa nusu moja tu ya taa imezimika, fundi ashukuru: mlolongo wake una makundi mawili au zaidi ya mfululizo, na utafutaji umepunguzwa kwa nusu.

Njia inayojulikana na wengi ni ya kubadilishana. Balbu nzima huchukuliwa na kuwekwa mahali pa kila balbu kwa zamu, plagi ikichomolewa kila mara, hadi mlolongo uwake. Njia hii hufaulu palipo na balbu moja mbovu. Zikiwa mbili, haitafaulu kamwe, hata fundi akikesha. Akiweka balbu nzima mahali pa mbovu ya kwanza, ile ya pili bado imeifunga njia; akiiondoa na kuipeleka kwa ile ya pili, ya kwanza imerudi kufunga. Huenda hii ndiyo sababu kubwa ya taa nyingi kutupwa zikiwa na balbu 38 nzima.

Mwenye kutaka kuliepuka tatizo hilo bila gharama huweza kuzipima balbu moja moja nje ya mlolongo. Betri tatu za tochi zikipangwa kichwa kwa mkia hutoa volti 4.5, na kiasi hicho kitaifanya balbu ya volti 6 iwake kwa mwanga hafifu. Hafifu inatosha, kinachotafutwa ni dalili ya uhai. Betri ya pikipiki haifai kwa balbu hizo, kwa kuwa volti zake 12 zitaiunguza balbu nzima na kumfanya mpimaji aamini kwamba ilikuwa mbovu. Kama hana nyingine, azipime balbu mbili zikiwa zimeunganishwa kwa mfululizo, na hapo atakuwa amejitengenezea mlolongo mdogo kuliko yote.

Fundi mwenye mita ya kupimia umeme ana njia bora zaidi, nayo ni ya kugawanya kwa nusu. Plagi ikiwa nje, huiondoa balbu iliyo katikati, tuseme ya ishirini, na kuipima. Kisha hupima kama njia imeungana toka mguu mmoja wa plagi hadi kishikio cha upande wake katika tundu hilo, na toka mguu wa pili hadi kishikio cha pili. Nusu iliyoungana ni nzima na huachwa. Nusu iliyokatika hugawanywa tena: kumi, tano, na kuendelea. Katika balbu 40, vipimo vya hatua sita hutosha kuifikia mbovu. Nusu zote mbili zikionyesha kukatika, basi wabaya ni wawili au zaidi, na kila nusu hushughulikiwa peke yake. Tatizo lililoishinda njia ya kubadilishana limegawanyika mara mbili bila kelele.

Ipo pia kalamu ya kupimia umeme isiyogusa waya, ambayo hulia inapokaribishwa kwenye waya wenye umeme. Hutumika plagi ikiwa ukutani, na huonyesha mahali ambapo sauti inakoma. Kasoro yake ni kwamba katika taa za mapambo waya wa kwenda na wa kurudi husokotwa pamoja, na kalamu huweza kuusikia jirani badala ya mlengwa. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu inamweka mtu karibu na umeme hai, mita yafaa kutangulizwa.

Balbu ya kurudishia, na foili ya sigara

Balbu mpya inapaswa kuwa ya volti na nguvu ile ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlolongo. Wengi hudhani kwamba balbu yenye nguvu kubwa ndiyo itakayong'aa kuliko wenzake. Katika njia moja, mambo hugeuka. Balbu yenye ukinzani mkubwa, ambayo kwa volti zilezile ndiyo yenye nguvu ndogo, hujichukulia sehemu kubwa ya volti, ikang'aa kupita kiasi na kufa upesi, huku ile yenye nguvu kubwa ikibaki mekundu ya makaa. Methali za umoja na nguvu hazikutungwa kwa ajili ya mfululizo: hapa mwenye kustahili kidogo hubebeshwa kingi.

Pasipopatikana balbu ya kufaa, kuna ujanja unaojulikana sana: kuviringa foili ya pakiti ya sigara na kuisukuma ndani ya tundu ili kuliziba pengo, au kuukata waya na kuisokota miisho yake, tundu likaachwa nje. Kimsingi ujanja huu hufanya kazi ile ile ya waya wa mchepuko, na deni lake ni lile lile. Lakini foili hulegea, hutoa cheche na huweza kuyeyusha plastiki ya tundu. Kusokota waya ni afadhali kidogo, mradi umenyaji uwe safi, msokoto uwe imara, na tepu ya umeme iufunike wote. Hata hivyo mlolongo wa 40 uliokwisha kufanyiwa hivyo mara nne uko kwenye volti 6.67, na hesabu yake imekwisha kutolewa. Njia yenye busara ni kuutoa kafara mlolongo mmoja mzee, mwenye balbu za aina ile ile, uwe ghala la balbu kwa ajili ya milolongo mingine. Duka lenye seti tatu za aina moja lina maisha marefu kuliko lenye seti tatu za aina tatu.

Taa za LED

Balbu za uzi zinazidi kuadimika madukani, na nafasi yake imechukuliwa na diodi ndogo zijulikanazo kama LED. Mabadiliko haya hayajaufuta mfululizo. Diodi nyeupe au ya buluu huhitaji volti 3 hivi, nyekundu huhitaji karibu 2, hivyo katika taa za volti 240 bado hupangwa nyingi katika njia moja, aghalabu makundi kadhaa yanayoongozwa na kiboksi chenye kitufe cha kubadilisha mtindo wa kumeta. Kundi moja likizimika na mengine yakabaki, kosa limo ndani ya kundi hilo. Yote yakizimika kwa pamoja, kiboksi kinapaswa kushukiwa kwanza.

Ugumu ni kwamba diodi za bei nafuu hazichomolewi. Zimelehemiwa kwenye waya, na nyingi hazina mchepuko. Kuibadilisha kunahitaji chuma cha kulehemu, diodi ya rangi ile ile, na uangalifu wa upande, kwa kuwa diodi hupitisha mkondo kuelekea upande mmoja tu. Ikigeuzwa, nayo imeifunga njia. Fundi wa redio anaweza kazi hiyo kwa dakika chache. Swali ni kama mteja atalipa ada inayokaribia bei ya mlolongo mpya, na hapo uamuzi si wa fizikia tena.

Hali ni nyepesi zaidi kwa taa za volti 12, zitumiwazo na wenye paneli za jua, na zile zinazopamba matatu. Ukanda wa LED wa volti 12 hupangwa kwa makundi ya diodi tatu tatu: tatu katika mfululizo pamoja na kikinzani chao, kisha makundi yenyewe yakaunganishwa kwa usambamba. Ndiyo sababu ukanda huo huwa na alama za kukatia kila baada ya diodi tatu. Moja ikiungua, giza ni la tatu tu. Ni mapatano ya busara kati ya mifumo miwili, na mtu anayeweza kuchagua achague huu, kwani volti 12 hazina tishio la volti 240.

Kwa wakazi wa Karungu, mpangilio huu wa tatu tatu hauishii kwenye mapambo. Usiku wa giza, mwezi usipoonekana, wavuvi wa omena, yaani dagaa wa ziwani, hueleza taa juu ya maji ili kuwavuta wadudu na samaki karibu na wavu. Kwa miaka mingi taa hizo zilikuwa karabai za mafuta. Baadaye zikaja taa za LED zenye betri. Kutoka ufuoni zinaonekana kama mlolongo mmoja mrefu wa mapambo, lakini kila taa ina chanzo chake, na upepo ukiizima moja nyingine hazijui. Mfululizo umejificha ndani ya taa moja moja. Taa ya volti 12 yenye diodi tisa, zilizopangwa tatu tatu, ikirudi asubuhi na theluthi moja ya mwanga imepotea, mwenye taa hana haja ya kununua betri mpya. Kundi moja limekatika, na mbovu ni mmoja kati ya watatu.